Mwenye Basi Si Mwenye Barabara

Tangu Zohran Mamdani aapishwe kuwa meya wa New York tarehe 1 Januari 2026, simu yangu haitulii. Shangazi yuko Tanga, binamu yuko Kampala, rafiki niliyesoma naye yuko Muscat, na wote wanauliza jambo lile lile: mabasi yameshakuwa bure? Naielewa furaha yao. Mtu aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, ambaye baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, leo ndiye meya wa jiji lenye watu zaidi ya milioni 8. Na ahadi iliyotembea zaidi katika kampeni yake ilikuwa hiyo: mabasi ya haraka na ya bure.

Ninawajibu kwamba bado. Tarehe 4 Januari, siku tatu baada ya kiapo, nauli ya basi la kawaida ilipanda kutoka dola 2.90 hadi dola 3, na ya basi la ekspresi kutoka dola 7 hadi dola 7.25. Uamuzi huo ulipitishwa mwaka 2025, yeye akiwa bado anagombea, na hata angekuwa ameshaingia ofisini asingeweza kuuzuia. Mabasi ya New York si ya meya. Yanaendeshwa na MTA, shirika la umma la jimbo, na mwenyekiti wake huteuliwa na gavana. Meya ana haki ya kupendekeza wajumbe wanne wa bodi, basi.

Barabara, kwa upande mwingine, ni za jiji. Idara ya uchukuzi iliyo chini ya meya ndiyo inayochora mistari, kupanga taa na kuamua gari lipi liegeshwe wapi. Kwa hiyo mwenye basi ni mmoja na mwenye barabara ni mwingine, na abiria yuko katikati yao. Mimi naishi Bronx, moja ya sehemu tano kuu za jiji, kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa na wazee majumbani kwao, na kazi hiyo haifanyiki bila basi. Katika ile ahadi ya maneno mawili, watu wengi wamelishika la "bure". Mimi nalililia la "haraka", na nataka nieleze kwa nini.

Nyumbani wengi wanaijua New York kwa treni zake za chini ya ardhi. Treni hizo zilijengwa hasa ili kuwafikisha watu Manhattan asubuhi na kuwarudisha jioni. Ukitaka kutoka upande mmoja wa Bronx kwenda upande wa pili, treni haikusaidii sana. Hapo ndipo inapoingia Bx12. Inaanzia Inwood, ncha ya juu ya Manhattan, inavuka mto Harlem, inapanda Fordham Road, inashika Pelham Parkway na kuishia kule Bay Plaza karibu na Co-op City. Njiani inakatiza njia za treni moja baada ya nyingine, na kila makutano watu wanamiminika na wengine wanapanda: wauguzi, wanafunzi, mafundi, akina mama wenye vigari vya watoto, na sisi wa kazi za majumbani. Fordham Road peke yake inabeba abiria wa mabasi zaidi ya 80,000 kwa siku.

MTA ina mabasi karibu 5,800 na njia zaidi ya 300. Herufi zinakwambia uko wapi: B ni Brooklyn, Bx ni Bronx, M ni Manhattan, Q ni Queens, S ni Staten Island. Ukiona herufi ya M imeongezwa, kama BxM au QM, hilo ni ekspresi linalokwenda Manhattan. Ya Staten Island yameandikwa SIM tangu njia zake zilipopangwa upya Agosti 2018. Basi la kawaida linasimama karibu kila baada ya mitaa miwili mitatu. Katikati ya hayo mawili kuna aina ya tatu, Select Bus Service, na Bx12 ndiyo iliyokuwa ya kwanza jijini, Juni 2008. Hili huruka vituo vidogo, na nauli hailipwi mbele ya dereva. Kwa miaka mingi ulilipia kwenye mashine iliyosimama pembeni ya barabara, ukachukua karatasi yako, ukaingia kwa mlango wowote, na mkaguzi akitokea unamwonyesha. Siku hizi wengi wetu tunagusisha kadi ya benki au simu mlangoni. Ukishalipa mara 12 ndani ya siku saba kwa kadi ile ile, safari nyingine za wiki hiyo kwa basi la kawaida na treni hazikatwi kitu.

Naomba nikae kidogo kwenye mlango wa basi, maana ndiko ninakoona kazi ya shirika la umma ikifanyika kwa mkono.

Basi likifika kituoni na kuna mzee anasubiri, dereva anabonyeza kitufe, hewa inatoka kwa mlio, na upande wa mbele wa kulia unashuka mpaka karibu usawa wa ukingo wa njia ya miguu. Wenyewe wanasema basi limepiga magoti. Bibi mwenye kigari cha sokoni anaingia bila kuinua mguu sana. Ikiwa kuna mtu wa kiti cha magurudumu, ubao unafunguka kutoka mlangoni na kulala chini. Dereva anazima haraka zake zote, anainuka kwenye kiti chake, anaomba abiria wa mbele wahame, anakunja viti vyao ukutani, anainama na kufunga mikanda kwenye kiti cha magurudumu, kisha anauliza: unashuka wapi? Anarudi kukaa, ndipo safari inaendelea. Wakati mwingine ni dakika tatu, wakati mwingine zaidi, na basi zima linangoja. Sijasikia watu wakizoza kwa hilo, na hawa ni watu wa Bronx, ambao dereva akisahau kufungua mlango wa nyuma wanapiga ukelele mmoja mpaka mtaa unasikia.

Haki hiyo haikuja yenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980 watu wenye ulemavu wa jiji hili, wakiwemo wa kikundi cha Disabled in Action alichokianzisha Judith Heumann na wenzake mwaka 1970, walipambana mahakamani na barabarani mpaka mabasi yakafungwa vifaa vya kuwapandisha. Leo kila basi linaweza kumbeba mtu wa kiti cha magurudumu. Treni ina vituo 472 na vingi bado havina lifti. Mzee mmoja niliyemhudumia kwa muda mrefu alikuwa na kituo cha treni dirishani kwake, anakiona kila siku, na hakukanyaga huko kwa miaka. Basi ndilo lililomfikisha kliniki, kanisani na kwa dada yake. Kwa hiyo mtu akiniambia basi ni usafiri wa daraja la pili, najua hajawahi kuwa na goti bovu.

Na haya mabasi kuwa ya umma ni hadithi ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Zamani yalikuwa ya kampuni binafsi, na kwa miaka mingi kampuni hizo hazikuwaajiri Weusi kuwa madereva, ingawa zilichukua nauli za Weusi wa Harlem kila siku. Mwaka 1941 watu wa Harlem, wakiongozwa na mchungaji Adam Clayton Powell Jr., waligoma kupanda mabasi ya Fifth Avenue Coach na New York City Omnibus. Walitembea kwa miguu, walipeana lifti, wiki baada ya wiki, mpaka kampuni zikakubali kuajiri madereva na mafundi Weusi. Hii ilikuwa miaka 14 kabla ya mgomo wa mabasi wa Montgomery ambao dunia nzima inaujua. Leo ukipanda basi la hapa, mara nyingi sana dereva ni mtu mweusi, mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi amezaliwa Karibea. Depo moja ya East Harlem imepewa jina la Tuskegee Airmen, marubani Weusi wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadhi yao walikuja kufanya kazi katika usafiri wa jiji hili baada ya vita.

Mwaka 1962 kampuni ya Fifth Avenue Coach Lines iliangukia mikononi mwa tajiri aliyeitwa Harry Weinberg. Akaanza kufukuza wafanyakazi na kutaka nauli ipandishwe. Chama cha wafanyakazi, chini ya Mike Quill, mhamiaji kutoka Ireland, kikagoma. Jiji likachukua mabasi yote ya kampuni hiyo kwa nguvu ya sheria na kuunda chombo cha umma cha kuyaendesha, kile ambacho mpaka leo kipo ndani ya MTA kwa jina refu ambalo hakuna abiria anayelijua. MTA yenyewe ilianzishwa na bunge la jimbo mwaka 1965 na kupata jina lake la sasa mwaka 1968. Hata hivyo Queens na sehemu za Bronx na Brooklyn ziliendelea na kampuni binafsi zilizolipwa ruzuku na jiji, mpaka zikachukuliwa zote saba kati ya Januari 2005 na Februari 2006. Mengi ya mabasi ya ekspresi tunayopanda Bronx leo yanatoka kwenye zile kampuni. Yaani uendeshaji wa umma kwa upande huu wa jiji una umri wa kijana wa chuo.

Wazee wetu wa Dar waliopanda UDA, shirika la mabasi ya jiji lao, tangu mwaka 1974 wataniambia kuwa shirika la umma si dawa ya kila kitu. Kweli. Lakini Machi 2020, korona ilipoingia New York kwa kishindo, niliona maana yake. Abiria tuliambiwa tuingie kwa mlango wa nyuma, mbele kukafungwa mnyororo ili dereva asikaribiwe, na nauli ikasimama mpaka mwisho wa Agosti. Jiji limefungwa, ofisi za Manhattan ni giza, na basi linakuja. Ndani tulikuwa sisi wa majumbani, wa hospitali, wa maduka ya vyakula. MTA nzima ilipoteza wafanyakazi zaidi ya 130 katika miezi ile ya kwanza, madereva wengi miongoni mwao. Siwezi kuandika kuhusu mabasi haya nisiwataje.

Sasa nirudi kwenye mwendo. Wastani wa basi la New York ni takriban kilomita 13 kwa saa. Huo ni wastani wa jiji zima. Katikati ya Manhattan hali ni mbaya zaidi, na njia kama M42, inayofuata mtaa wa 42, imekuwa ikitajwa mwaka baada ya mwaka kwa kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Kasi hiyo haitokani na injini wala dereva. Panda Bx12 saa mbili asubuhi ukae kiti cha mbele utazame. Kuna njia ya basi iliyopakwa rangi pembeni. Ndani yake kuna gari la kupakua soda limewasha taa za dharura. Dereva anangoja nafasi, anaingia njia ya magari, anapita, anarudi. Hatua chache mbele kuna gari la mtu aliyeingia dukani "dakika moja". Taa nyekundu. Kituo, na gari lingine limeegeshwa palepale kituoni, kwa hiyo basi haliwezi kusogea ukingoni, kwa hiyo haliwezi kupiga magoti vizuri, kwa hiyo yule bibi wa kigari anashuka katikati ya barabara.

Na ucheleweshaji huo unazaa. Basi la kwanza likichelewa dakika tatu, kituo kinachofuata kina watu wengi zaidi, kupanda kwao kunachukua muda zaidi, linachelewa tena. La nyuma yake linakuta vituo vimeshasombwa, halina wa kumchukua, linakimbia mpaka linaligusa la mbele. Baada ya nusu saa ya ukimya yanakuja matatu yameongozana kama watoto wa bata, la kwanza limejaa mpaka mlangoni na la tatu lina watu sita. Mama mmoja wa Goma ninayekutana naye kituoni huniuliza kwa Kiswahili chao: "Dada, hii basi inakuyaka lini?" Ninamwonyesha simu: la kwanza dakika 19, la pili dakika 19, la tatu dakika 20. Anacheka kwa uchungu.

Kwa kazi zetu hili si jambo la kucheka. Mhudumu wa nyumbani huwa na wagonjwa wawili, hata watatu, kwa siku, kila mmoja mtaa wake, na muda wa njiani mara nyingi ndio unaoamua kama utalipwa saa nane au sita na nusu. Wakala mmoja niliyemfanyia kazi zamani alikuwa na desturi ya kukata robo saa nzima ukiingia umechelewa dakika tano. Wenzangu wakawa wanaondoka nyumbani saa nzima kabla, wengine wana watoto wadogo, ili kujikinga na gari la soda. Hiyo saa hailipwi na mtu, na hakuna kitabu cha hesabu cha serikali kinachoiandika. Ukiijumlisha kwa watu wote wa Fordham Road, ni mali kubwa mno inayomwagwa kila asubuhi.

Wako wanaoamini ekspresi ndiyo njia ya kuikwepa foleni hii. Chukua Co-op City, mji wa minara 35 na nyumba 15,372 pembezoni mwa Bronx, usio na kituo cha treni. Watu wake wanapanda BxM7. Ni basi la aina ya masafa marefu: viti vyote vinatazama mbele, vina mgongo mrefu, kuna taa ya kusomea, watu wananyamaza, wengine wanalala mdomo wazi. Likielekea Manhattan, huku Bronx linapandisha tu na kule linashusha tu, kwa hiyo huwezi kulitumia kwa safari fupi. Staten Island ndiko linakotegemewa zaidi, kwa kuwa kisiwa kile hakina treni inayokiunganisha na jiji. Asubuhi misururu ya SIM inavuka daraja la Verrazzano-Narrows kuelekea kazini. Unalipa zaidi ya mara mbili ya nauli ya kawaida, na kwa anayelipa kwa sarafu, hizo ni sarafu 29 za robo dola, maana noti haziingii kwenye kisanduku na dereva hatoi chenji tangu mwaka 1969, baada ya ujambazi dhidi ya madereva kuzidi. Lakini ukishalipa yote hayo, unaingia katika foleni ile ile. Ekspresi linaruka vituo. Magari yaliyo mbele yake haliwezi kuyaruka.

Na wa ekspresi walionja mabadiliko tarehe 5 Januari 2025, magari yanayoingia Manhattan kuanzia mtaa wa 60 kwenda kusini yalipoanza kutozwa ada, dola 9 kwa gari dogo saa za mchana. Magari yakapungua, na mabasi yanayopita kwenye madaraja na mahandaki yakaanza kufika mapema. Basi lilikuwa lile lile, dereva yule yule. Kilichobadilika ni barabara.

Nilifuatilia vilevile jaribio la mabasi ya bure, kwa sababu Mamdani akiwa katika bunge la jimbo ndiye aliyelipigania pamoja na Seneta Michael Gianaris. Kuanzia Septemba 2023 hadi Agosti 2024 njia tano, moja kila sehemu ya jiji, hazikutoza nauli. Ya Bronx ilikuwa Bx18. Abiria siku za kazi waliongezeka kwa karibu asilimia 30. Mashambulizi dhidi ya madereva yalipungua sana katika njia hizo, na hilo halinishangazi, maana ugomvi mwingi wa ndani ya basi huanzia kwenye nauli. Kila abiria alitumia muda mfupi kidogo kupanda. Lakini mwendo haukuongezeka. Watu walikuwa wengi zaidi, barabara ilikuwa ile ile, na muda wote uliookolewa mlangoni ukaliwa.

Sipingi bure. Nimekaa na watu wanaohesabu sarafu mfukoni kabla basi halijafika, na nimeona karibu nusu ya abiria wakipita bila kulipa, jambo ambalo hata takwimu za MTA zinalikiri. Nusu ya nauli kwa wenye kipato kidogo, mpango ambao jiji limekuwa nao tangu mwaka 2019, umewasaidia majirani zangu. Ila kuondoa nauli yote kunahitaji mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka, wapo wanaosema inafika bilioni moja, na lazima gavana na bunge la jimbo wakubali. Tena mapato ya nauli yamewekwa dhamana kwa waliolikopesha shirika fedha, kwa hiyo huwezi kuyafuta kwa hotuba. Haraka ndiyo iliyo mkononi mwa meya mwenyewe. Barabara ni zake. Rangi ni zake, taa ni zake, na mpango wa maegesho ni wake.

Na mfano upo hapa hapa. Oktoba 2019 jiji liliufunga mtaa wa 14 wa Manhattan kwa magari mengi ya binafsi mchana kutwa na kuuachia mabasi na malori ya mizigo. Kabla ya hapo kulikuwa na kesi mahakamani na utabiri kwamba mitaa ya jirani ingeziba kabisa. Haikuziba, na M14 ikaongeza kasi kwa takriban robo. Mwaka huo huo baraza la jiji lilipitisha sheria ya kutaka maili 150, sawa na kilomita 240, za njia za mabasi zenye ulinzi ndani ya miaka mitano kuanzia 2022. Jiji limebaki nyuma sana. Hapa kwetu Fordham Road, mpango wa kuipa Bx12 nafasi nzuri zaidi uliachwa mwaka 2023 baada ya wafanyabiashara na taasisi kubwa za eneo hili kuupinga. Nilisoma hoja zao. Wengi walisema wateja na wageni wao huja kwa gari. Sijui kama waliwahi kusimama mlangoni mwa duka lao saa kumi jioni wakatazama ni nani anaingia na mifuko.

MTA nayo imefanya lililo ndani ya uwezo wake: tangu Oktoba 2019 imefunga kamera kwenye mabasi zinazopiga picha magari yanayoziba njia, faini ikianzia dola 50 na kupanda hadi 250 kwa anayerudia. Zinasaidia. Lakini kamera inaadhibu baada ya basi kukwama. Njia iliyo katikati ya barabara na kuzungushiwa ukingo haihitaji kamera, kwa kuwa gari la soda haliwezi kuingia.

Ninaposema haya kwenye mikutano, huwa nawatajia Dar es Salaam, na watu wanageuka kunitazama. Tangu Mei 2016 mwendokasi wetu una njia yake katikati ya Morogoro Road, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco, karibu kilomita 21. Kwenye vituo kuna nafasi ya ziada ili basi la ekspresi lipite lile lililosimama kupakia. Unalipa kabla ya kuingia, na unapanda kwa usawa wa sakafu. Jiji lisilo na hata sehemu ndogo ya utajiri wa New York lilikubali kuwanyang'anya wenye magari sehemu ya barabara kuu na kuwapa abiria. Najua malalamiko ya nyumbani. Nasoma magrupu ya WhatsApp kama kila mtu, na ukisimama Kimara asubuhi utayasikia mwenyewe: barabara ipo, mabasi hayatoshi. Huku mabasi yapo, barabara hakuna. Lakini lile la barabara ndilo gumu kisiasa, na Dar ililifanya.

Kwa hiyo shangazi, binamu, na wewe wa Muscat, hilo ndilo ninalomtazamia huyu meya wetu wa Kampala. La bure atalihangaikia Albany, makao makuu ya jimbo, kwa gavana, na huenda likachukua miaka. Fordham Road haihitaji Albany. Jiji lina bodi 59 za mitaa, hukutana karibu kila mwezi, na mtu yeyote anayeishi eneo hilo, awe na uraia au hana, anaweza kujiandikisha akapewa dakika chache za kusema. Wenye maduka huhudhuria. Sisi wa kwenye basi hatuhudhurii, kwa sababu saa hizo tuko kwenye basi. Mwezi huu nimebadilishana zamu na mwenzangu. Nimeandika hoja zangu kwa Kiingereza kwenye karatasi moja, ya kwanza ikiwa kituo cha Webster Avenue na malori yanayoegeshwa mbele yake asubuhi, na yule mama wa Goma amesema atakuja, nimtafsirie.